Nilienda Michigan kuujua mtaa wangu wa Mikindani

Mvulana aliyekaa nyuma kabisa darasani alinyoosha mkono. Nilikuwa nimemaliza kuwaonyesha picha zangu zote: Fort Jesus, mchanga mweupe wa Diani, ndovu wa Tsavo, mamangu akiwa na leso yake. Walimu walikuwa wamepiga makofi. Chapati nilizoamka alfajiri kuzipika zilikuwa zimeisha. Nikajua nimemaliza salama.

"Kwenu mnakunywa maji ya bomba?" akauliza.

Ilikuwa Novemba 2018, nikiwa na miaka 16, katika shule ya upili ya mji mdogo Michigan, Marekani. Nilikuwa na miezi mitatu tu nchini humo. Kwetu Mikindani bomba hukaa siku nyingi bila tone, na maji tunanunua mitungi kwa mkokoteni. Lakini mbele ya wanafunzi 30 wasiojua Mombasa iko upande gani wa ramani, ningesemaje? Nikajibu, "Ndiyo, tunakunywa," nikakaa chini haraka.

Uongo ule mdogo ndio uliobadilisha mwaka wangu wote.

"Huko wamjua nani?"

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa kidato cha tatu niliposikia kuhusu programu ya Kennedy-Lugar YES. Ilianzishwa 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na imepewa majina ya maseneta wawili: Edward Kennedy wa Democratic na Richard Lugar wa Republican. Wazo lao lilikuwa rahisi. Vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi, au zenye jamii kubwa ya Waislamu kama Kenya, waende wakaishi na familia ya Kimarekani, wasome shule ya upili ya kawaida mwaka mmoja wa masomo, kisha warudi kwao. Serikali ya Marekani ndiyo hulipa nauli, bima na posho kidogo ya mwezi.

Wazo la kubadilishana wanafunzi lenyewe ni la zamani. Shirika la AFS, mojawapo ya yale yanayowatafutia wanafunzi wa YES familia za kukaa nazo, lilianza na Wamarekani waliojitolea kuendesha ambulensi Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya kuona Vita vya Pili pia, wakaamua kuanza kubeba wanafunzi badala ya majeruhi. Hiyo ilikuwa 1947.

Nilijaza fomu, nikaandika insha, nikafanya mtihani wa Kiingereza na mahojiano. Nyumbani sikumwambia mtu. Nilijua nitaanguka tu, kwa hivyo kelele za nini?

Sikuanguka. Ndipo shida ilipoanza.

Babangu ni mtu wa vibarua bandarini. Si mtu wa maneno mengi. Usiku ule alizungumza mpaka saa sita. "Mtoto wa kike, miaka 16, akalale kwa watu hatuwajui? Huko wamjua nani wewe?" Mwalimu jirani yetu akaja kunitetea. Akamkumbusha vijana 81 waliopanda ndege kwenda Marekani Septemba 1959 kwa mpango wa Tom Mboya. Babangu akamwambia, "Mwalimu, wale walienda chuo. Huyu hata mtihani wa kidato cha nne hajafanya."

Na hapo alikuwa amegusa jambo lenyewe. Mwaka ule wa Marekani hauhesabiki Kenya. Ningeondoka Agosti nikiwa kidato cha tatu, nirudi Juni mwaka unaofuata na kuingia kidato kilekile cha tatu, wenzangu wakiwa cha nne. Karo ya mwaka mzima zaidi, kwa nyumba inayolishwa na vibarua na mahamri ya mamangu.

Mamangu ndiye aliyekata kauli. Alikuwa anasukuma unga, hakuinua hata kichwa. "Mwaka mmoja nitaukaanga," akasema. Yaani atakaanga mahamri ya kuulipia. Babangu akanyamaza. Asubuhi yake akanitafutia begi.

Saa tatu usiku ni saa kumi na moja alfajiri

Ndovu nilioonyesha darasani niliwaona siku ya kuondoka. Usicheke. Nimezaliwa Mombasa na sikuwa nimewahi kuona ndovu mpaka nilipopanda treni ya SGR Miritini kwenda Nairobi kuunganisha ndege. Nilipiga picha dirishani Tsavo kama mtalii.

Familia iliyonipokea iliishi nusu saa kwa gari kutoka mji wa Flint. Mama mwenyeji ni muuguzi, mumewe fundi wa magari, na binti yao alikuwa rika langu. Hawalipwi chochote kukaa na mwanafunzi, jambo ambalo babangu hakuliamini mpaka alipoongea nao kwa simu ya video mara ya tatu. "Sasa wanapata nini?" alikuwa akiniuliza kila mara. Hata mimi sikuwa na jibu.

Kuna mambo ambayo hakuna semina inayokuandaa. Kwamba pizza ya mkahawa wa shule ina nyama ya nguruwe juu na inabidi uulize kila siku. Kwamba hakuna matatu, hakuna bodaboda, na sheria za programu zinakukataza kuendesha gari, kwa hivyo kwenda popote ni kuomba mtu akupeleke. Kwamba tarehe 15 Novemba, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, shule kadhaa Michigan hufungwa, yetu ikiwemo. Nilidhani wananitania.

Na baridi. Mwisho wa Januari 2019, baridi kali kutoka ncha ya kaskazini ilishuka mpaka kwetu. Nyuzijoto zilipita 20 chini ya sifuri, shule zikafungwa siku kadhaa. Tarehe 30 usiku simu zote nyumbani zililia kwa pamoja: kituo kimoja cha gesi kimeshika moto, kila mtu apunguze joto la nyumba hadi nyuzi 65 za kwao, ambazo kwetu ni 18. Tulikaa wanne sebuleni chini ya mablanketi. Mama mwenyeji akasema, "Karibu Michigan," tukacheka mpaka tukalia. Mimi nililia kweli kidogo.

Majira ya baridi tofauti ya saa ni nane. Saa tatu usiku kwangu ni saa kumi na moja alfajiri kwa mamangu, wakati anapoanza kukaanga. Nilikuwa nampigia saa hiyo. Hatukuwa tukiongea sana. Aliweka simu kando ya karai nami nikasikiliza mafuta yakichemka. Kuna siku nilitoa hamri kwenye karai lile kwa mawazo tu, nikalala na njaa.

Maji ya chupa

Sasa turudi kwa lile swali la maji.

Siku ile ya chapati, mama mwenyeji alikuja kunichukua shuleni. Njiani nikamwambia ukweli: nimedanganya. Kwetu bomba halina maji, na yakija tunachemsha.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama nimewahi kujiuliza kwa nini stoo yao ina makatoni ya maji ya chupa. Nilikuwa nimeyaona. Nilidhani ni tabia za watu wenye pesa.

Akanisimulia. Aprili 2014, Flint, mji wa watu karibu 100,000, uliacha kununua maji ya Detroit ili kuokoa pesa, ukaanza kutumia maji ya Mto Flint. Maji yale hayakutiwa dawa ya kuzuia mabomba yasilike. Mabomba ya zamani yakaanza kuachia madini ya risasi ndani ya maji. Watu walilalamika kuhusu rangi, harufu, na vipele kwa watoto. Wakuu wakasema maji ni salama. Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba risasi kwenye damu ya watoto imepanda. Kwanza wakamwambia amekosea hesabu. Mwezi uliofuata wakarudi kwa maji ya Detroit. Wakati mimi nawasili, serikali ya jimbo ilikuwa tayari imeacha kugawa maji ya bure, tangu Aprili 2018, lakini watu wengi hawakuwa na imani tena na bomba. Wazazi wa mama mwenyeji waliishi Flint. Makatoni yale yalikuwa yao.

"Kwa hivyo," akasema, "yule kijana hakuwa anakucheka. Nyanya yake pia anaishi Flint."

Nilitamani dirisha la gari linimeze.

Usiku ule dada yangu wa Michigan aliingia chumbani na kompyuta yake. Alikuwa ametafuta Mombasa na madini ya risasi, kwa udadisi tu. "Hili jina," akaniambia, "si ndiyo kwenu?"

Kwenye skrini palikuwa na Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa.

Walahi, Owino Uhuru naijua. Ni mwendo mfupi kutoka kwetu. Shule ya msingi nilisoma darasa moja na watoto wa huko. Nilijua kulikuwa na kiwanda, kulikuwa na moshi, na watu waliandamana. Basi. Kwetu nyumbani ilikuwa ni habari za "kule chini". Sasa nilikaa kitandani Michigan, theluji nje, nikisomewa habari za mtaa wa jirani na msichana ambaye hajawahi kufika Afrika.

Kiwanda kile kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, katikati ya makazi ya watu karibu 3,000. Phyllis Omido aliajiriwa hapo 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Alikuwa ameipata kwenye maziwa ya mamake. Omido akaacha kazi, akaanza kupeleka watoto wengine wa mtaa wapimwe. Mwaka 2012 alikamatwa baada ya maandamano na kushtakiwa, kisha mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilifungwa Januari 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, mojawapo ya tuzo kubwa zaidi duniani kwa watetezi wa mazingira.

Angalia tarehe hizo tena. Januari 2014 kiwanda kinafungwa Owino Uhuru. Aprili 2014 Flint wanafungulia maji ya mto. Sumu ni ileile.

"Walimwamini?"

Programu inawataka wanafunzi wafanye kazi za kujitolea. Baada ya Krismasi niliacha kuchagua kazi nyepesi na nikaanza kwenda na dada yangu Jumamosi kwenye kanisa moja Flint lililokuwa likigawa maji. Tulipakia makatoni kwenye magari. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya mafuta taa kwetu enzi zile.

Mwezi wa nne mchungaji alisikia ninakotoka, akaniomba niseme machache. Mimi Mwislamu, na hijabu yangu, ndani ya kanisa. Nikampigia babangu kwanza. Akafikiria, akauliza, "Wataka kusema nini?" Nikamwambia ni habari za Owino Uhuru. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Rafiki yangu mmoja alifanya kibarua pale. Waambie."

Hakuwa amewahi kunitajia habari hiyo, hata siku moja.

Safari hii sikubeba picha ya Diani. Niliwaambia habari za betri, maziwa ya mama, maandamano na kesi iliyofunguliwa Mombasa 2016 ambayo ilikuwa bado inasikilizwa. Niliwaambia pia kwamba mimi naishi hapo jirani na sikujua mengi ya haya mpaka nilipofika kwao. Hilo lilikuwa gumu kulisema kuliko yote.

Kikongwe mmoja mbele kabisa akauliza swali moja tu: "Yule mama, walimwamini?"

"Mwanzoni hapana," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, na nusu ya kanisa ikatikisa naye. Hawakuhitaji maelezo zaidi.

Ramadhani ilinikuta huko, Mei 2019. Mombasa tunafunga kama saa 13 na nusu. Michigan mwezi wa tano jua lilikuwa linazama karibu saa tatu usiku, na kufunga kulipita saa 16. Mama mwenyeji alinipeleka Dearborn, mji wenye Waislamu wengi, mwendo wa saa moja hivi, tukanunua tende na nyama ya halali. Dada yangu alikuwa akiamka daku na kula nafaka zake na maziwa pembeni yangu, macho yamefumba, ili nisile peke yangu. Nilipata jibu la babangu hapo. Wanapata nini? Wanapata mtu wa kuamka naye alfajiri bila sababu.

Mzungu wa Kwa Shee

Nilirudi Juni. Mtaani wakanibatiza "Mzungu wa Kwa Shee" kwa sababu ya matamshi yangu. Wengine walikuja kuona dola, wakakuta chokoleti na makoti ya baridi yasiyo na kazi Mombasa.

Shuleni ndiko kulikouma. Nilikaa kidato cha tatu na watoto niliokuwa nikiwatuma dukani. Mabeste wangu wakafanya KCSE 2019, wakaenda zao. Mimi nikaingia kidato cha nne 2020, na Machi corona ikafunga shule zote. Mwaka mmoja niliokopa ukawa karibu miwili. Mtihani wa 2020 tuliufanya Machi na Aprili 2021. Sikupata alama niliyoitaka. Kuna mambo ya Hisabati ambayo Michigan hawakufundisha na mimi sikuyafidia. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi, lakini nisiposema hapa nitakuwa narudia kosa la siku ile ya chapati.

Kwa hivyo, wewe unayesoma haya na una ndoto ya kwenda, sikiliza. Programu ya YES haina ada. Mtu akikudai hata shilingi mia "kufanikisha" jina lako, huyo ni tapeli. Kwa kuwa pesa ni za bajeti ya serikali ya Marekani, hakikisha kwanza kama maombi yanapokelewa mwaka huo. Uliza shule yako mapema, kwa maandishi, utarudi kidato gani na nafasi yako itawekwa vipi. Jua kwamba viza yake inakuja na sharti: ukimaliza unarudi nyumbani, na kuna ruhusa kadhaa za kuhamia au kufanya kazi Marekani ambazo huzipati kabla hujakaa kwenu miaka miwili. Si mlango wa kutorokea. Halafu kaa chini na mzazi wako mpige hesabu ya ule mwaka mmoja. Nani ataukaanga?

Tarehe 16 Julai 2020 nilikuwa nyumbani, shule zimefungwa, nikimsaidia mamangu. Habari ikaingia: mahakama ya mazingira Mombasa imewapa watu wa Owino Uhuru fidia ya Sh1.3 bilioni. Babangu alifungulia redio mpaka mwisho. Mchana akaniambia nivae viatu, tukatembea mpaka kule chini, barakoa usoni. Watu walikuwa wamejaa nje wakiimba. Babangu akamtafuta rafiki yake, wakashikana mikono muda mrefu bila kusema kitu, corona wakaisahau. Mimi nikapiga picha moja na kuituma Michigan.

Haikuishia hapo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliufuta uamuzi ule. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Flint nao, makubaliano yao ya fidia ya dola milioni 626 yaliidhinishwa na jaji 2021.

Siku ya uamuzi wa Mahakama ya Juu dada yangu wa Michigan alinitumia ujumbe kabla hata sijaamka vizuri.

"Wamelipwa?" akauliza.

"Bado," nikaandika. "Kwenu je?"

"Bado."

Nikaweka simu kando ya karai, nikaendelea kugeuza mahamri.